Shimo la Hatua ya Kwanza
Gemu mpya aliyoinunua muuguzi mmoja ilikuwa inajipakua kutoka mtandaoni tangu asubuhi, na mjomba wake, fundi cherehani, alishachoka kusubiri.

"Gemu zetu hazikuwa na maringo haya," alifoka, akavuta sanduku uvunguni. Akatoa kaseti ya gemu ya zamani, akaipuliza vumbi kama anayepoza chai, akaichomeka kwenye mashine yake kuukuu. Ikawaka papo hapo.

"Ya kale ni dhahabu, mpwa wangu."

Kijitu chake kwenye skrini kikakimbia, kikaruka, kikatumbukia shimoni. Mara ya pili, shimoni. Mara ya tisa, shimo lile lile.

"Mjomba, gemu hii umeicheza miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Na baada ya shimo kuna nini?"

Mjomba akaichomoa kaseti, akaipuliza taratibu.

"Huko," akasema, "bado kunajipakua."