Pua ya Mzee Firmin

Kila moshi wa kiwanda uliposhuka juu ya mtaa, Mzee Firmin alifunga madirisha yote, akaziba chini ya mlango kwa gunia, akamwita mbwa wake aingie. Likasi nzima inajua kufanya hivyo. Wakubwa wa kiwanda hawataki kuziba bomba lao, basi maskini azibe dirisha lake. Wakishajifungia, mzee na mbwa, chafya zikaanza, macho yakawa mekundu kama ya mkata vitunguu, kifua kikapiga filimbi.

"Bananiua," alimwambia mbwa. "Weye unaona? Na hakuna mukubwa anakuja kuuliza."

Mbwa, aliyeitwa Ministre, yaani Waziri, kwa sababu alikula vizuri na kulala mchana kutwa, akamlamba shavu. Chafya nyingine.

Ministre alikuwa wa marehemu mkewe, Henriette. Ndiye aliyemwokota akiwa mdogo kama kiatu, akamlea kwa bukari, ule ugali wa kwao, na vichwa vya samaki. Mama huyo alipokuwa hai, mbwa alilala uani. Siku waliyotoka kumzika, Firmin alishindwa na ukimya wa kile kitanda. Akafungua mlango, Ministre akapanda upande wa Henriette kama mtu aliyeteuliwa. Tangu hapo hajashuka.

Mwaka ukapita. Ndipo kilio kikatokea kwa binti yake, Hélène, aliyeolewa kwenye nyumba zinazopakana na ukuta wa kiwanda: alifiwa na baba mkwe. Firmin alimwacha mbwa kwa jirani yake, Mama Jenny, akaenda. Kama ilivyo desturi, wanaume walilala nje kuzunguka moto mpaka kilio kiishe, na bomba likiwatemea moshi juu ya vichwa. Firmin alifurahi kidogo. Hapa angalau alikuwa na mashahidi.

"Batu ya usine batatumaliza!" akawahutubia, akikinyoshea kiwanda kidole. "Muangalie minye! Pumuzi imekwisha!"

Bertin, shemeji wa Hélène, alikuwa akichochea moto. "Lakini papa, tangu ulifika hujapiga chafya hata moja. Sisi tunakohoa, weye unakoroma kama mutoto ya kunyonya!"

Wanaume wakacheka mpaka kina mama wakawanyamazisha. Firmin akajishika pua. Kavu. Akajaribu kukohoa, kikatoka kikohozi cha uongo kilichomwaibisha mwenyewe. Mtu aliyelilaumu bomba mwaka mzima hapendi kupona chini yake.

Kilio kilipokwisha, Hélène alimsindikiza nyumbani. Ministre akamrukia mzee kifuani, na kabla mfuko haujagusa chini, chafya! Shingo ikamwasha pale alipolambwa.

Hélène akashika kiuno. "Papa, haiko moshi. Iko mbwa."

"Nyamaza! Ile iko mbwa ya mama yako!"

"Na njo ile inakumaliza. Tutamupeleka kwa kaka Georges, kule Mulungwishi."

Firmin akakaa kitako. Kumtoa Ministre kulikuwa kumzika Henriette mara ya pili. Akasema kwanza ataenda zahanati, akitumaini huko watalilaumu bomba.

Muuguzi Blandine alimsikiliza kifua. "Ilianza wakati gani, papa?"

"Kisha kumuzika bibi yangu."

"Na mbwa alianza kulala ndani wakati gani?"

Firmin akatazama dari. Huko hakukuwa na mkubwa wa kumlaumu. "Siku ile ile."

"Moshi ukikuja, unafanya nini?"

"Nafunga madirisha... na mbwa."

Blandine aliuma mdomo, kicheko kikamponyoka. "Minye sitetei usine, ule moshi mubaya. Lakini weye, mwili yako inakataa mate ya mbwa na vumbi ya ngozi yake, na unajifungia naye!"

"Nitamutoa?" Sauti ya mzee ilikuwa ndogo.

"Tujaribu kwanza. Alale inje. Chumbani asikanyage hata siku moja. Mablanketi uyafue na maji ya moto. Chini upanguse na kitambaa ya maji, usifagie vumbi. Ukimugusa, unanawa. Mutu mwingine amuoshe kila juma. Dawa hii utakunywa. Kifua ikiendelea kulia, urudi, tutaamua ingine. Na ikibana mpaka kusema inakushinda, usingoje asubui, ukuje mbio."

Firmin akajenga kibanda cha mabati chini ya dirisha. Siku za kwanza Ministre aliukwaruza mlango akilia, na mzee kitandani akalia naye. Jumamosi Mama Jenny akamwosha mbwa kwa sabuni, mtaa mzima ukaja kutazama.

"Ministre bamemufukuza serikalini!" akapiga kelele mmoja.

"Hapana," Firmin akajibu kutoka mbali, akikionyesha kibanda kama ofisi mpya, "bamemubadilishia tu biro!" Akacheka, na kicheko kikatoka bila filimbi.

Baada ya majuma kadhaa Hélène akaja, kamba mkononi. Hakusalimu. Akaweka sikio mgongoni mwa baba yake.

"Pumua." Mzee akapumua. "Tena." Akapumua tena, bila filimbi. Mbwa akawatazama kutoka kibandani bila kutikisa mkia.

Hélène akainuka, akaifunga kamba kutoka mti wa uani mpaka dirishani, akaanza kuanika mablanketi.

"Kumbe ulikuja kumuchukua kweli?" Firmin akauliza.

"Kweli, papa."

"Weye iko na roho ya mukubwa ya usine," akasema mzee, akamshikia upande wa pili wa blanketi.