Mabango Mia Tano ya Mpweke

"Basi nionyeshe kaburi langu," nilimwambia meneja. "Twende sasa hivi, nikaling'olee majani."

"Mama, hakuna aliyeandika kwamba umekufa."

"Nisomee tena."

Karatasi ilikuwa yake mwenyewe lakini hakutaka kuisoma kwa sauti. Nikamnyang'anya. Iliandikwa hivi: Akiwa na miaka saba alipoteza wazazi wote wawili. Muziki ukawa mama yake.

"Muziki ndio uliompeleka hospitali alipovunjika mkono?" nikauliza. "Muziki ndio uliopanga foleni kumtafutia nafasi ya shule? Na huyo baba hajapotea, kijana. Anajulikana alipo, ana mke na duka la vipuri."

"Neno 'kupoteza' ni pana, mama."

"Pana kiasi gani? Na mimi nimo?"

Fundi wangu wa mashine, ambaye nimefanya naye kazi miaka kumi na mitano, alichungulia kutoka nyuma ya mashine kubwa. "Dada, nichape au nichukue jembe nianze kuchimba?"

"Nyamaza wewe."

Binti yangu hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya marobota ya karatasi karibu na mlango, magoti ameyabana, anajifanya anasoma simu. Nyumbani anaitwa Chiriku, kwa sababu tangu alipoanza kusema hajapumzika. Kwenye karatasi ya meneja anaitwa Mpweke. Asubuhi hiyo jina la meneja ndilo lililomkaa.

Niseme kosa lilipoanzia, maana lilianzia kwangu.

Nina diploma ya uchapaji na duka la kuchapa lenye mashine mbili, ghorofa ya chini ya jengo la ofisi. Tunachapa kadi za mialiko, vitabu vya risiti, kalenda, lebo za chupa. Chiriku alipopata meneja, wiki tatu zilizopita, nilisema mabango, vipeperushi na stika nitavitengeneza mimi. Nani mwingine? Picha za studio zilikuwa hazijapigwa, kwa hiyo nikapekua picha zetu za nyumbani, nikapata moja iliyozidi zote: siku aliyomaliza chuo, anatazama pembeni kidogo, jua limemwangukia shavuni. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Nilikuwa nimemshika bega, na vidole vyangu vinne vilionekana wazi, pete na yote.

Nikakaa kwenye kompyuta saa mbili nzima nikijifuta, kidole baada ya kidole. Palipokuwa na mkono nikarudisha kitambaa cha gauni lake, mkunjo kwa mkunjo, nikaongeza kivuli kidogo ili bega lisionekane bapa. Nilipomaliza hata mimi sikuweza kuona nilipokuwa.

Meneja alipoletewa ile picha alisema, "Huyu anaonekana hana mtu duniani."

Nikacheka. Nilidhani anasifu kazi. Nikamjibu, "Ndiyo maana wateja hawanihami."

Kumbe pale ndipo aliponizika.

"Nisikilize, mama," alisema sasa, akiegemea kaunta yangu kwa viwiko. Si mtu mbaya, na hilo linanikera mpaka leo. Angekuwa tapeli ningejua pa kumshika. "Mtangazaji mmoja anapokea nyimbo arobaini za wasanii wapya kwa wiki. Hana muda wa kusikiliza. Anasoma karatasi kwanza. Karatasi ikimwambia huyu ni binti mwenye sauti nzuri, mama yake ana duka la kuchapa, ataifutia meza."

"Mama mwenye duka la kuchapa ana ubaya gani?"

"Hana ubaya wowote. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Basi sichapi. Kaandike upya. Tena niachie niandike mimi, maana wewe hata koma hujui kuiweka. Sentensi yako inakimbia kama imeona nyoka."

Meneja alimtazama binti yangu, na binti yangu akatazama sakafu. Nimemlea huyu mtoto, najua sakafu inatazamwa wakati gani.

"Kuna nini?"

"Mama," alisema Chiriku, "nimeshasema."

"Umesema nini? Wapi?"

"Redioni. Jana saa tano. Mtangazaji aliniuliza kuhusu mama yangu."

"Ukamjibuje?"

Alivuta uzi kwenye kona ya robota, akauviringisha kidoleni. "Nikasema unanitazama kutoka juu."

"Kutoka juu wapi? Mimi niko ghorofa ya chini!"

Fundi alicheka peke yake, halafu akaona hakuna mwenzake, akajifanya anakohoa. Akazima mashine. Duka lilipotulia ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa napiga kelele kushinda mashine.

"Kipindi kimerudiwa mara mbili," meneja alisema kwa upole. "Na Jumamosi ndiyo uzinduzi. Mabango yakisema kitu kingine sasa hivi, hatakuwa msanii mpya tena. Atakuwa yule msichana aliyemzika mama yake akiwa hai. Watamla mzimamzima kabla hajatoa wimbo wa pili."

Mimi ni mtu wa majibu. Wateja wananijua, ndugu wananijua, hata huyo wa vipuri ananijua. Lakini kwa hilo nilipapasa huku na huku.

"Aseme ulimi uliteleza."

"Alilia, mama. Dakika nzima. Ulimi hautelezi dakika nzima."

"Basi punguza. Hapa toa 'wazazi wote wawili', weka 'mzazi mmoja'. Huyo baba nawaachia, mzikeni mnavyotaka."

"Redio imeshasikia wawili."

Nikamgeukia binti yangu. "Na wewe ulilia kwa kuigiza? Umejifunzia wapi?"

"Sikuigiza."

"Ulikuwa unamlilia nani sasa?"

"Wewe."

Alilisema bila kunipandishia sauti. Wimbo wake anaouzindua nilikuwa nimeusikia mara nyingi, vipande vipande, nikiosha vyombo naye akifua. Unamhusu mtoto anayepanga viti viwili mezani, anakaa kwenye kimoja, na kile kingine anakisogezea sahani. Nilikuwa nauimba na mimi. Nilidhani ameutunga tu, kama watu wanavyotunga.

"Nilikuwa na miaka saba ulipofungua hapa," alisema. "Ulikuwa unatoka sijaamka, unarudi nimeshalala. Ufunguo nilikuwa nauvaa shingoni. Meneja aliponiuliza wimbo umetoka wapi, nikamwambia nilikuwa peke yangu. Hilo ni kweli, mama. Yaliyobaki aliandika yeye, na mimi sikumkataza."

"Nilikuwa nachapa. Nilikuwa nachapa ili ule."

"Najua. Na nilikula. Sikulaumu. Umeniuliza nilimlilia nani."

Juu ya kaunta kulikuwa na stepla, rula ya chuma na kopo la kalamu. Nikazipanga. Nikazipanga tena. Ungenipa jambo la kukanusha ningelikanusha, lakini aliyoyasema yote yalikuwa ya kweli, tarehe na kila kitu, na yale ya kwangu yalikuwa ya kweli pia, na hayakusaidia chochote. Ule mwaka wa kwanza tulikuwa na mashine moja iliyokwama kila karatasi ya kumi. Nilijisemea mtoto yuko salama, ameshiba, amefungiwa mlango. Ningerudishwa pale leo, na ile mashine na kodi ile, sijui kama ningeweza kufanya tofauti. Hilo sikumwambia. Lingesikika kama kujitetea.

Meneja akadhani ni nafasi ya kupatanisha. "Jumamosi lazima uwepo. Nitakuwekea kiti cha mbele. Akiuliza mtu, tutasema wewe ni shangazi."

"Shangazi? Yaani dada wa yule wa vipuri? Bora uniache kaburini."

"Mama mdogo basi."

"Kwa hiyo nimekufa, halafu nimekuwa mdogo wangu mwenyewe."

"Ni kwa muda mfupi, mama," Chiriku alisema. "Nikishatoa nyimbo tatu hivi, nikishajulikana, tutasema ukweli."

"Mtasema nini? Nimefufuka?"

Safari hii hata fundi hakucheka.

Meneja alitoa flashi mfukoni, akaiweka juu ya kaunta, mbali kidogo na mkono wangu. "Mama, kama huwezi, naelewa. Kweli naelewa. Ng'ambo ya barabara wamesema watamaliza saa nane."

Hakunitishia. Angenitishia ningemtoa nje na flashi yake. Nilitazama kupitia kioo cha mlango. Duka la ng'ambo lina mashine mpya kuliko zangu na mtu asiyejua kuipima rangi. Mwezi uliopita alimchapa bwana harusi wa watu na uso wa zambarau, na kadi zikagawiwa hivyo hivyo. Mabango yangebandikwa tu. Ningekataa, na keshokutwa ningepita kituo cha basi nimkute mwanangu ukutani, uso umevimba kwa rangi mbovu, na habari ya kifo changu chini yake, imepinda. Na kabla ya hapo Chiriku angekuwa amechukua flashi, amevuka barabara, na sikuwa na uhakika kama angevuka kurudi. Si kwa hasira. Kwa aibu. Aibu ndiyo inayoweka watu mbali miaka na miaka, hasira hupoa.

Kwetu hakichapwi kitu mpaka mteja asaini sampuli. Niliweka utaratibu huo baada ya kuchapa kadi mia tatu zenye jina la mchumba aliyekwisha achwa, na mteja akaapa kwamba kosa ni letu. Tangu hapo nawaambia wote: sisi hatusahihishi maisha ya watu, tunasahihisha herufi. Ukisaini, ni yako.

Nikachomeka flashi. Nikatoa sampuli moja, nikaiweka mbele ya Chiriku pamoja na kalamu.

"Soma. Neno kwa neno, kama mteja mwingine yeyote. Ukiridhika, saini."

Nakiri nilikuwa na tumaini hapo. Nilidhani akiliona neno lenyewe kwa wino, na mimi nimesimama mbele yake nanuka jasho na wino wa tona, mkono utagoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alifika kwenye ile sentensi, akasimama. Alisimama muda mrefu mpaka meneja akafungua mdomo, nikamwonyesha kidole anyamaze.

Kisha akasaini.

"Samahani, mama," alisema, na kalamu akairudisha ndani ya kopo vizuri, kama nilivyomfundisha.

Nikamnyoshea fundi ile sampuli. Hakuipokea. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akakitundika.

"Dada, nimechapa mambo mengi hapa na sijawahi kuuliza. Hiki sichapi. Nimekula kwako, umenikopesha mwavuli, ulinishikia mtoto hospitalini. Nikatie mshahara, nifukuze, lakini mkono wangu haukuui." Akamtazama Chiriku. "Na wewe nakupenda, lakini leo usinisemeshe."

Akatoka, akasimama nje kando ya mlango, ametupa mgongo.

Tukabaki watatu. Meneja akaangalia saa, akaona aibu, akauficha mkono. Kila mmoja alikuwa ananingoja mimi, na mimi sikuwa na wa kumngoja. Kuchapa ni kujiua, kutochapa ni kumtuma mwanangu akanichapishe kwingine. Nilizungusha hilo jambo kila upande, halikuwa na upande wa tatu.

"Sogea," nilimwambia meneja. "Unaziba taa."

Nikavaa aproni ya fundi. Nikamwinua binti yangu kutoka juu ya robota, kwa sababu ndilo nililolihitaji, lile la karatasi nzito. Nikalipasua, nikazipepea karatasi ili zisishikane, nikazigonga kingo mezani zikalingana, nikaziingiza kwenye trei. Nikapima wekundu, nikaupunguza nukta mbili, maana ngozi yake ikizidishiwa wekundu inaonekana ina homa. Nikawasha.

Bango la kwanza lilitoka taratibu, kichwa kwanza. Nililishika pembeni nisiache alama, nikalipeleka mlangoni penye mwanga wa nje.

"Chiriku," nikamwita, "njoo uangalie kama uso umekaa sawa."

Akaja, akasimama karibu nami mpaka bega lake likagusa langu. Alitazama. Akasema umekaa sawa.

Nikarudi kwenye mashine, nikaandika mia tano, nikabonyeza.