Kuchana Nywele za Bibi Corwin

Ozella Pettway alikuwa ameigiza katika filamu kumi na moja, na mama yake mzazi hakuwahi kumwona hata katika moja. Si kwamba bibi huyo hakwenda sinema. Kila Ozella alipoandika kutoka Los Angeles kutaja filamu mpya, Mama Hester alivaa kofia yake ya kanisani, akapanda ngazi za nyuma za jumba la sinema la mji wao wa Natchez, kusini mwa Marekani, hadi roshani waliyotengewa weusi, akakaa mpaka mwisho. Binti hakutokea. Kanisani wakaanza kunong'ona kwamba Ozella anaosha vyombo huko California na kumpiga mama yake fiksi.

Kumbe kazi yote ni ya mkasi. Wazungu wa kusini hawakutaka mtu mweusi kwenye sinema asipojifanya kichekesho, na Ozella kujichekesha alikataa katakata. Basi studio ikapata dawa: anapigwa picha peke yake, anaingia na sinia, anasema "Ndiyo, bibi," anatoka. Filamu ikielekea kusini, kipande chake kinakatwa na hadithi haipungui kitu. Ushenzi mtupu, tena uliopangwa vizuri.

Mwaka mmoja mdogo wake Cleotha, aliyebaki nyumbani na mama, akaandika kwamba macho ya mama yamekwisha, anaona mwanga tu. Lakini mama alisema sinema siku hizi zinaongea, kwa hiyo atakwenda kumsikiliza mwanawe. Ozella aliisoma barua hiyo akalia, kisha akaanza kufikiri.

Nyota wa filamu iliyofuata, Adelaide Corwin, aliugua kichwa mara kwa mara, na dawa yake ilikuwa Ozella amchane nywele wakati wa mapumziko. Siku ya kupiga tukio kubwa, la mke kusoma barua ya mume aliyemwacha, Bibi Corwin alimwomba mwongozaji amruhusu Ozella asimame nyuma yake na kitana. Bwana Lindquist akakubali shingo upande.

"Achane," alisema, "ila nisisikie hata pumzi yake."

Maikrofoni ilikuwa imefichwa juu ya kioo, karibu kabisa na vichwa vyao. Ozella aliitazama. Anayemkata yeye hapo atamkata na Bibi Corwin, na bila barua ile filamu haina kichwa wala miguu. Alijua pia kwamba akifungua mdomo, studio hii haitamwita tena.

Mara mbili walijaribu, na machozi ya Bibi Corwin hayakutoka. Mara ya tatu Ozella akaanza kuvumisha puani, mdomo kaufumba, wimbo usio na maneno. Mama yake aliuvumisha kila Jumamosi akimsuka mbele ya jiko. Mikono ya mama ilipochoka, kitana kikahamia kwa Ozella, akawa yeye anayemchana mama, na wimbo ukahamia pia. Bibi Corwin akalia kilio cha kweli.

Bwana Lindquist alimfuata amevimba. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisipumue, bwana," Ozella akajibu. "Sikupumua. Niliimba."

"Mimi sirudii," Bibi Corwin akasema, akijifuta pua. "Machozi mengine sina."

Tukio likabaki. Ozella hakuitwa tena, na majira yote ya baridi alipiga pasi nguo za watu katika mtaa wa Central Avenue. Barua ya Cleotha ilimkuta hapo, pasi mkononi.

Kipande cha sinia walikikata kama kawaida, Cleotha aliandika. Mama aliuliza mara nne kama umeshaingia, nami nikamwambia bado. Halafu yule mzungu akakaa mbele ya kioo, wimbo ukaanza, na kabla sijamgusa mama kumwambia, yeye mwenyewe akavua kofia, akaiweka mapajani, akainamisha kichwa umchane.