Seva Arobaini na Simu ya Mama Mkwe

Kazi yenyewe ilikuwa kuzipa seva arobaini za kampuni ya mizigo mlinzi mmoja: programu ndogo ya kuchungulia mtandao usiku na mchana, ili seva yoyote ikikata pumzi fundi apate ujumbe kabla wateja hawajaanza kutukana. Mara ya mwisho wateja ndio waliotangulia kujua. Mkurugenzi akamwita fundi, ambaye bado alikuwa kwenye majaribio, akamwambia bila kupepesa macho: "Wakitangulia tena, kibarua chako kimeota nyasi."

Jumapili fundi akajaribu kwanza kwa seva moja, akiwa mezani nyumbani. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, iko kwa mtengenezaji, basi akaweka namba ya mama mkwe ipokee taarifa, maana alikuwa akiishi nao tangu goti lianze kumsumbua. Sasa, mtu utamtumiaje mkweo ujumbe mkavu mkavu? Akauandika kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Seva ya bohari ni nzima." Simu ikalia, mama mkwe akaitikia marahaba kutoka kwenye kochi lake alilohama nalo, na fundi akaona mambo yamekubali.

Jumatatu hakutaka kuzungukia seva moja moja kama mtu anayegawa dawa wodini. Alichukua mpangilio ule ule wa Jumapili, akaandika amri moja, akabonyeza. Seva zote zikaupokea kwa mkupuo. Kwenye skrini ikapangana mistari ya kijani, raha tupu. Akaegemea kiti, akajipongeza moyoni.

"Umemaliza?" Mkurugenzi aliingia chumba cha seva, kile chenye baridi la kukutoa kamasi.

"Zote, bosi. Kwa pigo moja."

"Haya, tuone." Hapo hapo akapiga goti, akachomoa waya wa seva ya risiti.

Fundi akatoa simu yake, iliyorudi kutoka kwa mtengenezaji asubuhi hiyo. Kimya. Akaitikisa. Kimya vilevile.

"Labda inajipanga," alisema.

"Inajipanga, au inaandika wosia?"

Fundi akafungua mpangilio huku jasho likimtoka kwenye baridi lile. Namba ya kupokea taarifa imekaa pale, inamtazama. Jumapili alisahau kuitoa kwenye seva moja, na leo ameipanda kwenye arobaini. Angeibadilisha kimyakimya, ila Mkurugenzi alikuwa anampumulia sikioni.

"Namba ya nani hiyo?"

"Ya... ya mama mkwe wangu, bosi."

Mkurugenzi bado anatafuta neno la kumtosha, simu ya fundi ikalia. Ni mama mkwe. Bosi akaashiria: weka sauti nje.

"Wewe mkwe! Tangu asubuhi watu wako wananiamkia, shikamoo mama, shikamoo mama, nimeandika marahaba mpaka kidole kimekufa ganzi. Sasa huyu wa risiti anasema hapumui, na wewe umekaa tu?"

"Mama, niko na bosi..."

"Ndiyo vizuri, na yeye asikie. Nani kamfanya hivi?"

Fundi akatazama dari. Mkurugenzi akakohoa. "Ni mimi, mama. Shikamoo. Nilichomoa waya kidogo, kumjaribu tu."

"Marahaba. Mtu mzima na akili zako unachomoa nyaya? Rudisha!"

Mkurugenzi akapiga goti tena, akachomeka.

"Ngojeni," sauti ikaamuru. Wakangoja, mmoja sakafuni, mwingine kitini, hakuna anayethubutu kupiga chafya. "Eeh. Kaniamkia. Mzima."

Mkurugenzi akajipangusa suruali. "Mteja yeyote amepiga kulalamika?"

"Hata mmoja, bosi."

"Basi kengele inalia, ila imelia nyumba ya pili. Majaribio yako yameisha, umeajiriwa. Sasa toa namba hiyo uweke yako."

"Hebu, hebu," simu ikasema. Fundi akakumbuka kwamba hakuikata. "Ameajiriwa leo? Na siku anakuja kumposa binti yangu alikaa kwenye kochi hili hili, akaniambia ana kazi ya kudumu!"

Mkurugenzi, kwa heshima zote, akatoka na kuurudishia mlango taratibu.

"Mama, nilikuwa nataka kusema..."

"Utakuja kusemea hapa. Na namba yangu isiguswe mpaka ufike unieleze vizuri."

Siku hiyo haikuguswa.