Kiti cha Upande wa Mikono

Niseme mapema: sikwenda kwenye onyesho lile kugombana. Nilimpeleka mama yangu akatazame mikono.

Mama alifundisha piano sebuleni kwetu tangu sijazaliwa. Masikio yake yalipoanza kufa, moja kisha la pili, aliwaaga wanafunzi wake akafunga piano. Ila muziki haukumtoka. Siku hizi huenda kwenye maonyesho ya okestra akaketi upande wa kushoto, ambako mikono yote miwili ya mpiga piano inaonekana. Akiitazama, anasema, utunzi mzima unamjia kichwani. Ukimweka upande wa kulia, ambako kifuniko cha piano kimeinuliwa, umemziba masikio mara ya pili.

Safari hii walikuwa wamealika mwongozaji wa okestra kutoka nje, na pamoja naye mwanamke mmoja mpiga piano ambaye sifa zake zilimtangulia. Utunzi wenyewe ndio ule ambao Mama aliufanyia mazoezi ujana wake wote asipate okestra ya kumsindikiza. Tiketi zilipotoka tu, nilinunua viti viwili vya mbele, kushoto. Tulipofika tukavikuta vimefungwa utepe.

"Hapa anakaa mgeni rasmi na watu wake," msimamizi wa ukumbi akasema. Alikuwa na tai nyekundu na tabasamu la kuazima. "Tumewapa vingine safi tu, kule kulia. Mbele vilevile."

"Kaka, mama yangu hasikii. Anatazama mikono."

Akamtazama Mama, kisha akanigeukia akicheka. "Hasikii? Sasa dada yangu, kama hasikii si hata kule nje angekaa? Awaachie wanaosikia."

Hakujua, mjinga yule, kwamba Mama anasoma midomo. Niliuona uso wa Mama ukisinyaa. Nikafungua kinywa nimpe msimamizi vidonge vyake, lakini Mama akanishika mkono, akanivuta.

"Wacha, mwanangu," alisema, na nusu ya ukumbi ikageuka. Mama hajui tena sauti yake ina ukubwa gani. Yeye akidhani ananong'ona, jirani wa tatu anajibu.

Tukaketi kulia. Mgeni rasmi aliingia kwa kuchelewa, okestra nzima imekaa ikimngoja kama bwana harusi, akajimwaga kwenye kiti cha Mama. Mwongozaji akapanda jukwaani, akainua fimbo. Mpiga piano alikuwa hodari, hilo sikatai, lakini kwa hasira niliyokuwa nayo sikusikia hata robo. Mama alikuwa akirefusha shingo, akiinama huku, akiinama kule, akitafuta japo kidole kimoja. Aliambulia kifuniko cheusi. Nililia, sioni haya kusema, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Ng'ambo ya pili, mgeni rasmi alikuwa amelala. Kidevu kifuani, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo. Mtu amemnyang'anya mama wa watu kiti ili apate pa kukoromea!

Sehemu ya kwanza ikaisha. Katika maonyesho haya hapo hapapigwi makofi. Watu hukohoa kidogo, kisha kimya, wakingoja sehemu ya pili. Ndani ya kimya hicho Mama akaniinamia na kuninong'oneza, kwa sauti iliyofika hadi safu ya nyuma kabisa:

"Yule mheshimiwa kwenye kiti changu amelala fofofo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wapiga fidla walificha nyuso, na mpiga piano mwenyewe aliinama, mabega yakimtikisika. Mtu akamgusa mheshimiwa kwa kiwiko. Akagutuka, akaona kila jicho liko kwake, akadhani mambo yamekwisha. Akasimama akapiga makofi, peke yake. Watu wake, nao wangefanyaje, wakasimama wakapiga pamoja naye.

Mama hakusikia vicheko wala makofi. Aliona kitu kimoja tu: kiti kitupu. Akachukua mkoba wake, akakatiza mbele ya jukwaa polepole, maana magoti yake hayataki haraka, akampita yule wa tai nyekundu bila kumtazama, akaketi. Mheshimiwa aliposhuka kukaa, nusura apakatwe. Msimamizi akaja mbio, lakini mwongozaji alikuwa ameshainua fimbo, na alimkata jicho lililomgandisha njiani. Piano ikaanza peke yake, bila okestra, taratibu.

Nilimwona Mama akiwa ametulia tuli, vidole vyake vikitembea juu ya mkoba. Watu walitabasamu. Mimi sikutabasamu. Kilichonunuliwa kwa haki mtu anakipataje kwa kuvizia, mbele ya umati, kama mwizi wa kuku? Hadi leo sijasamehe.

Mheshimiwa, kwa kukosa pa kukaa, alizunguka kwa kunyata mpaka kwenye kiti pekee kilichobaki, kando yangu. Akajipangusa jasho. Akarefusha shingo, akainama huku, akainama kule.

"Mbona hapa mtu haoni kitu?" akaninong'oneza, amekasirika kabisa.

"Huoni, ndiyo," nikamjibu. "Lakini wewe masikio unayo. Sikiliza."