Siku Lamya Aliponinyamazia

Mimi Marhoon ni mtu wa hasira, na mke wangu Nasriya atakuthibitishia hata kabla hujamuuliza. Miaka thalathini na tatu nimefanya kazi kwenye mitambo ya umeme na ya kutoa chumvi maji ya bahari hapa Maskati, na muda wote huo nimegombana na watu wanaodhani umeme unatoka ukutani tu. Basi chama chetu cha wahandisi kilipotangaza mjadala wa siku mbili, nyuklia au jua na upepo, na siku ya pili kupiga kura ili maoni yetu yapelekwe juu, nnyamaze mimi? Niliandikisha jina wa mwanzo, upande wa nyuklia. Wa pili, upande wa jua na upepo, aliandikisha Lamya.

Lamya ni mtoto wa ndugu yangu Khalil, Mungu amrehemu. Tufani la Gonu lilipopiga, mwaka 2007, bahari ilipanda na mafuriko ya mabondeni yakashuka kwa pamoja, na maji yakamchukua Khalil na gari yake kule Qurum. Tulimpata siku ya tatu. Nyumbani kwetu Al Amerat hakukuwa na umeme wala tone la maji bombani, na ndugu yangu nilimwosha kwa maji ya chupa, moja baada ya moja, nnafungua vizibo huku nnalia. Lamya alikuwa na miaka tisa. Nimemlea mimi, nimemsomesha mimi, na leo ni mhandisi, nusu ya mwezi yuko jangwani na masahani yake ya umeme wa jua.

Kwa hivyo mtu akinambia jua linatosha, mimi namuuliza: na likichwa? Mwezi wa saba, usiku, joto digrii thalathini na tano, kila nyumba imewasha AC, na maji ya kunywa yanataka umeme yasafishwe. Nnataka umeme usiozimika. Sitaki mtu mwengine amwoshe ndugu yake kwa maji ya chupa.

Jumatatu asubuhi tukakusanyika ukumbi wa hoteli moja Qurum. Lamya alianza, na wallahi alisema vizuri. Alisema upepo wa pwani ya kusini huvuma khasa miezi ile ya joto, na huvuma hata usiku, na betri siku hizi si zile za zamani. Akasema mtambo wa nyuklia utachukua miaka kumi na zaidi kujengwa, na taka zake watakuja kuzilinda watu ambao hatutowajua hata kwa majina. Nilijivunia, lakini sikumwonesha.

Kisha nikasimama mimi, na ramani yangu nimeitundika ukutani. Ramani hiyo nnayo tangu nilipoanza kazi, nimeikunja na kuikunjua mpaka imechanika pembeni. Nikawaonesha sehemu ya pwani niliyoichagua. "Hapa ardhi iko mita kumi na nne juu ya bahari," nikasema. "Gonu lenyewe liliposhtadi, maji yalipanda mita tano. Mtambo wetu utakaa mkavu kabisa." Watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti wetu, Ghanim, akamgeukia Lamya. "Bi Lamya, una la kujibu?"

Akaitazama ramani. Akanitazama mimi. Nilimwona kabisa amefungua mdomo. Kisha akasema, "Ami yangu keshasema. Sina la kuongeza." Akakaa.

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu kalelewa." Nikavimba kichwa. Kwetu sisi mtoto hamkosoi mkubwa wake mbele ya watu. Akiwa na neno atamfuata chemba, atambusu kichwa kwanza, ndipo aseme.

Garini nikamtania njia nzima. "Eh, leo jua limekuchwa saa tano asubuhi!" Hakucheka. Tumefika nyumbani, tumekaa kula, naye anauchezea wali tu kwa vidole.

Nasriya akaweka sahani chini kwa kishindo. "Lamya, mwambie. Au ntamwambia mimi."

"Anambie nini?"

Lamya hakuinua macho. "Ami, ile ramani yako ilichorwa na Waingereza, ya zamani. Urefu wake umeandikwa kwa futi."

"Futi!"

"Futi kumi na nne, Ami. Ni mita nne na kidogo."

"Ala! Mimi nlikuwa nasoma ramani kabla wewe hujazaliwa!" Niliondoka mezani na mkono mchafu vilevile. Nikatafuta miwani, nikaitandika ramani sakafuni, nikapiga magoti. Chini pembeni, pale palipokunjika, maandishi madogo yanasema futi. Miaka thalathini na tatu nimeibeba ramani ile. Maji ya Gonu yangeingia ndani ya mtambo wangu na kumfunika mtu mpaka mapajani. Niliona haya hata ya kusimama.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Wiki mbili. Kila nikija kukwambia nnakukuta na ile ramani, umefurahi, nnashindwa. Na leo mbele ya wazee wote wale ningesemaje? We ndo baba yangu."

"Kwa hivyo ungewaacha wapige kura?"

Hapo akalia. "Sijui, Ami. Wallahi sijui."

Nasriya akasema, kwa upole safari hii, "Mpigie Ghanim airekebishe hesabu kimyakimya. Hapana atakayejua." Nami, nakiri, nilikwishaichukua simu. Niliitaka njia hiyo kuliko kitu chochote. Kisha nikamfikiria Khalil ndani ya gari ile, nikaiweka simu chini.

"Kesho utasimama useme," nikamwambia Lamya.

"Siwezi. Sema wewe mwenyewe."

"Nikisema mimi, vijana wote pale watajifunza kungoja wazee wajirekebishe. Na wengine hatujirekebishi! Mimi nimekusomesha ili uninyamazie?" Nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele, na sikujua nnampigia yeye au nnajipigia mwenyewe.

Jumanne, kabla ya kura, nikaomba Lamya apewe nafasi. Mimi nikakaa mstari wa mbele, katikati, mahali asipoweza kunikwepa. Msinielewe vibaya, nyuklia mimi bado naitaka, ila si pale, na yeye bado haitaki popote. Hayo tutagombana mpaka nife.

Akasimama na karatasi yake.

"Ami yangu, Mhandisi Marhoon," akaanza, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, "jana alikosea."

Mistari ya mbele yote ikanigeukia. Mtu jirani yangu akasema "La haula!" Masikio yalinichoma, na nikatamani sakafu initie ndani. Lamya akanitazama, macho yamejaa machozi, kama anangoja nimwambie akae.

"Sauti, mwanangu," nikamwambia. "Wa nyuma hawakusikii."