Nafasi Tupu Darajani

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, fundi wa meno bandia alikuwa akisugua daraja la meno matatu la dereva mmoja wa lori simu yake ilipolia kumjulisha kwamba gemu imetoka. Hakukurupuka. Alilimaliza lile daraja, akalipuliza vumbi, akaliweka kwenye kisahani chake, ndipo akavua aproni. Meneja wa kliniki alikuwa amempa ruhusa mpaka Jumatatu. Fundi hakueleza ruhusa ni ya nini. Alisema tu kuna kitu amekisubiri miaka mingi, na meneja, mtu asiyependa maelezo marefu, akatia saini.

Gemu yenyewe iliitwa Nchi ya Mito, na hii ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza Fundi aliicheza mwaka aliovunjika mguu, pikipiki ilipomtupa kwenye mchanga mbele ya kituo cha mafuta. Alilala kitandani mpaka mgongo ukaota vidonda. Mchezaji wa Nchi ya Mito naye alianza safari akiwa na jeraha la mguu, akishuka mlimani kwa kuchechemea mpaka kwenye daraja la mawe. Hapo palikaa bibi kizee juu ya kigoda, na taa ya chemli pembeni. Kabla hajakuruhusu kuvuka alisema, "Keti kwanza. Mguu unaendeleaje?" Hakuwa na upanga wa kukupa, wala kazi ya kukutuma, wala siri ya hazina. Wachezaji wengi walimpita mara moja wakamsahau. Fundi alimrudia kila siku mpaka alipotolewa plasta.

"Hata mimi nilikuwa nakuuliza," mke wake alimwambia wakati mmoja.

"Wewe ulikuwa unauliza nitatoka lini kitandani nibadilishiwe shuka."

"Si ni kitu kilekile?"

Sasa, mtu mzima na mvi zake mbili tatu, alijifungia sebuleni akaanza kushuka mlima taratibu. Nyasi ziliyumba jani moja moja. Kulikuwa na ukungu unaosogea, ndege wanaotua, na maji yenye mapovu. Lakini mguu wa mchezaji ulikuwa mzima, na hilo likamtia wasiwasi. Alipofika darajani alilikuta limepanuliwa na kupambwa kwa sanamu za simba. Kigoda hakikuwapo. Pale alipokuwa akikaa bibi paliwekwa ubao wa matangazo: leta ngozi za mbwamwitu, leta manyoya ya tai, leta mafuvu. Alivuka. Ng'ambo alikutana na mhunzi, mfugaji nyuki na binti wa mfalme, na wote watatu walimwagiza vitu kabla hajawasalimia.

Jumamosi alizunguka nchi nzima akimtafuta bibi. Jioni alizima televisheni, moyo umemshuka kabisa, akafungua ukurasa wa mashabiki mtandaoni na kuandika malalamiko marefu kuliko barua yoyote aliyowahi kumwandikia mkewe. Mtu anayewauliza wenzake hali, aliandika, hatolewi kimyakimya kama kiti kilichovunjika. Kampuni ilimjibu kwa adabu. Ilimshukuru kwa mapenzi yake, ikaeleza kwamba katika toleo la pili wameondoa sehemu zilizokuwa zikimchelewesha mchezaji.

Jumapili asubuhi mlango uligongwa. Mke wa Fundi alifungua akamkuta Bibi wa Daraja kizingitini, kigoda kwapani na chemli mkononi.

"Mgeni wako," alimwita mumewe, kisha akamgeukia bibi. "Shikamoo. Pita ndani, kuna upepo hapo mlangoni."

"Mto umepanda leo," Bibi alisema, akaingia.

Hakukuwa na mengi ya kupanga. Alipewa chumba cha mtoto wao aliyekuwa masomoni. Ilibainika kwamba alijua kusema yale tu aliyoandikiwa, lakini aliyoandikiwa yalitosha kwa maongezi mengi ya nyumbani. Ukimwuliza kama chakula kinahitaji chumvi, alisema, "Hilo waamue wanaovuka." Ukimwuliza alilalaje, alisema mto umepanda. Kitu kimoja tu kilihitaji kuzoewa. Darajani kwake siku zote ilikuwa saa kumi na moja jioni, na saa hiyo alikuja nayo. Popote alipokaa, jua la alasiri lilimwangukia kutoka upande wa kushoto, hata bafuni ambako hakuna dirisha. Mke wa Fundi alizima taa ya sebuleni, akasogeza chungu cha maua karibu na kigoda, na ua lililokuwa limegoma tangu mwaka jana likatoa chipukizi.

Jumanne Fundi aliporudi kazini, Bibi alimfuata. Huenda alisikia neno daraja wakati wa chai. Walitembea pamoja mpaka kliniki, huku upande mmoja wa barabara ukiwa asubuhi na upande wao jioni. Kwenye chumba cha kungojea Bibi alisimama mbele ya kaunta ya mapokezi. Juu yake kulikuwa na mashine nyeupe inayotoa karatasi za namba, na nyuma yake kiti kitupu kilichogeuziwa ukuta.

"Hapa tunapita tu, Bibi," Fundi alimwambia.

Bibi hakusogea. Alikitazama kile kiti. "Nani analinda hapa?" aliuliza. Yalikuwa maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya daraja jingine, la upande wa kaskazini, lakini yalitoshea.

"Siku hizi ni mashine."

"Nani analinda hapa?" Bibi alirudia, kwa sauti ileile.

Kwenye kiti kile alikuwa akikaa mwanamke waliyemwita Dada Karibu, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kabla mgonjwa hajavuka mlango. Alijua nani anaogopa sindano na nani amefiwa. Wakati wa masika meneja aliwaita kwenye kikao akasema Dada Karibu ni mtu mwema ila anachelewesha foleni, na kuanzia mwezi ujao kutakuwa na mfumo mpya. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Fundi alikuwa akitazama simu. Siku hiyo zilitoka picha za kwanza za Nchi ya Mito ya pili, na alitaka kuona kama daraja lipo.

Alimwacha Bibi mbele ya kaunta akaenda kwenye benchi lake. Alichonga jino la mbele likatoka nene kama la sungura, ikabidi alirudie.

Mchana alibisha ofisini kwa meneja.

"Nimekuja kuhusu Dada Karibu," alisema. "Arudishwe."

Meneja hakuudhika. Alimwonyesha kiti. "Mfumo umeshafungwa, Fundi. Na mkataba wa mashine ni mrefu."

"Watu wanakaa pale kama mizigo. Hakuna anayewauliza kitu."

"Mashine inawauliza. Inauliza huduma gani." Meneja aliegemea. "Yule bibi uliyekuja naye ni nani?"

"Alikuwa kwenye gemu. Wamemtoa."

"Ameajiriwa na nani?"

"Hajaajiriwa."

"Basi anaweza kukaa," meneja alisema. "Nimeona ile kona yake haihitaji taa."

Hivyo Bibi wa Daraja aliweka kigoda kando ya mashine. Aliyeingia alichukua namba, kisha akaambiwa, "Keti kwanza. Mguu unaendeleaje?" Wagonjwa wa meno walimjibu kuhusu miguu yao, na baada ya miguu wakaendelea na mengine. Watoto waliacha kulia, maana kwao saa kumi na moja jioni ni saa ya kucheza. Kiti cha Dada Karibu kilibaki kimegeuziwa ukuta.

Jumamosi Fundi alikwenda kwa Dada Karibu. Aliishi ghorofa ya tatu, nyuma ya karakana ya magodoro. Alimkuta akishona upindo wa pazia, miwani imeshuka puani.

"Karibu," alisema kabla hajaona ni nani. Alipoona, alitua sindano. "Fundi. Umekuja na meno au umekuja na habari?"

"Nimekuja mikono mitupu. Siku ile ya kikao sikusema kitu."

"Hakuna aliyesema. Dereva wa gari la dawa peke yake ndiye aliyeniuliza nakwenda wapi na kifurushi, nikadhani ananitania." Alivuta stuli kwa mguu. "Kaa. Unasimama kama umekuja kunidai."

"Unafanya nini siku hizi?"

"Napeleka maombi. Naambiwa wanataka mtu anayejua mfumo. Nawaambia mimi najua watu. Wananitazama kama nimetaja ugonjwa." Alicheka, lakini kicheko kiliisha mapema. "Mikono si kitu, Fundi, mikono naweza kuitafutia kazi. Ni huu mdomo. Asubuhi naamka una salamu na hauna wa kumpa."

Fundi alimwalika chakula cha mchana cha kesho yake, na Dada Karibu akakubali bila kujivunga.

Jumapili walikula wanne. Dada Karibu na Bibi wa Daraja walielewana tangu mwanzo, kwa vile mmoja alikuwa na maneno mengi na mwingine machache yasiyobadilika. Baada ya kula, mke wa Fundi alimtaka mumewe aonyeshe hiyo gemu iliyomnunisha wiki nzima. Fundi aliiwasha. Mchezaji akashuka mlimani, akasimama darajani. Kwenye televisheni watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakikimbia huku na huko na mapanga yao, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Hapo pembeni anakaa nani?" Dada Karibu aliuliza.

"Alikuwa anakaa Bibi. Sasa hakuna mtu."

"Na wote hawa wanapita tu?"

"Wanapita tu."

Dada Karibu akachukua mkoba wake. Alivua viatu, kwa kuwa ukingo wa mto ulionekana na tope. Televisheni ilikuwa ndogo kwa mabega yake, ikabidi aingie kwa ubavu, na mke wa Fundi akaishika kwa mikono miwili isidondoke. Fundi alimpitishia mto wa kochi. Wakamwona akipangusa jiwe chini ya mguu wa simba, akiweka mto, akikaa na kurekebisha miwani.

Shujaa mmoja mwenye deraya ya chuma alikuja mbio. "Karibu," Dada Karibu alimwambia. "Unatoka mbali? Hebu pumua kwanza."

Shujaa alisimama. Akaketi.

Dada Karibu alirudi kwa ajili ya chakula cha jioni, sketi imelowa magotini, na kesho yake akaenda tena. Ikawa kazi yake. Asubuhi alikuja na chakula chake kwenye kibakuli chenye mfuniko, mke wa Fundi akaishika televisheni, naye akaingia. Mashabiki wakaanza kuandikiana: kuna mama mwenye miwani darajani, hauzi kitu, hatumi mtu, ukimwambia jina lako leo kesho analikumbuka. Baadhi walidhani ni siri iliyofichwa na watengenezaji. Kampuni ilitoa taarifa kwamba ni hitilafu na inashughulikiwa. Jumatano ilimtoa. Dada Karibu alijikuta sebuleni na karanga mkononi, akamalizia kuzitafuna, akaingia tena akakaa upande wa pili wa daraja.

Hakuna aliyemlipa, si kampuni wala kliniki. Sarafu walizomwachia wachezaji zilikuwa za dhahabu tupu na dukani zilikataliwa. Alichoweza kutoka nacho ni samaki wa ule mto, ambao hawana miiba kwa sababu waliowatengeneza hawakuona haja ya kuwawekea. Aliwauza kwa majirani wenye watoto wadogo na wazee wasio na meno, na biashara haikuwa mbaya. Mashine ya namba iliendelea kutoa namba. Meneja alipandishwa cheo kwa kupunguza gharama za umeme.

Wiki kadhaa baadaye Fundi aliwasha gemu kwa mara ya kwanza bila kinyongo. Alishuka mlima na kukuta foleni. Mashujaa walikuwa wamejipanga kandokando ya mto, mapanga yamewekwa kwenye nyasi, wengine wamekaa wakionyeshana makovu. Mbele yake lilisimama jitu lenye shoka, na mchezaji wake, kwa sauti, alikuwa mtoto wa kike au bibi mzee, Fundi hakuweza kutofautisha.

"Ni wewe wa mwisho?" Fundi aliuliza.

"Ni mimi. Lakini utangoja, anazungumza na kila mtu."

"Si neno," Fundi alisema, akashusha mkuki wake. "Umetoka mbali?"

Jitu liligeuka kumtazama, likatua shoka, na kuanza kumweleza.